Taa Kali Kwenye Barabara ya Rumonge

Ukitaka kujua kama shofa wa Rumonge analipenda gari lake, usiangalie viti wala rangi. Subiri giza liingie, kisha angalia mafare. Kwetu tunasema mafare na ampuli, maneno ya Kifaransa yaliyoshuka kutoka shuleni mpaka garaji. Huku Kasulu wanasema taa za mbele na balbu. Jina lolote utakalotumia, habari ni moja. Siku hizi kijana akipata gari, hata kama ni Probox iliyochoka, kitu cha kwanza anachobadilisha ni ile ampuli ya mwanga wa njano. Anaitoa, anaweka LED nyeupe inayochoma kama jua la saa sita. Gari linaonekana jipya, abiria wanalikimbilia, na yeye mwenyewe nyuma ya usukani anajiona amepanda daraja.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nyarugusu. Wengine kwenye kikundi changu wametoka Rumonge na Nyanza-Lac kama mimi, na majina yao yameandikwa kwenye misafara ya kurudi. Tukikaa kuzungumza watafanya nini wakifika, habari ya LED inakuja kila mara: kuziuza, kuzifunga, au kuwa na gari lenye nazo. Ndiyo maana nimeamua kuliandika jambo hili, kwa wanaorudi, kwa wanaobaki, na kwa wenzetu wa mashirika wanaoshika usukani.

Kwanza barabara yenyewe, kwa asiyeijua. Ni barabara ya taifa namba 3. Inatoka Bujumbura, inafuata ziwa Tanganyika kama kilomita 75 mpaka Rumonge, halafu inaendelea Nyanza-Lac na Mabanda mpaka mpaka wa Mugina. Ukiwa unashuka kutoka Bujumbura, ziwa liko kulia na milima iko kushoto, na katikati pamebaki kaukanda kembamba tu. Hapo ndipo pamejibana kila kitu: nyumba, masoko, shule, michikichi na barabara. Kabezi, Gitaza, Magara, Minago, zote zimekaa juu ya lami. Mtu akifungua mlango, uwanja wake ni barabara. Usiku wanapita hapo akina mama wanaotoka ufukweni na ndagala kichwani, wanaume wa baskeli zenye bidoni za mawese, watoto waliotumwa, na mbuzi ambao hawakutumwa na mtu. Sehemu kubwa haina taa za nguzo. Ukipita Rumonge kwenda kusini unakuta msitu wa Kigwena, na pale giza ni giza kweli.

Kwa hiyo sitamcheka shofa anayetafuta taa kali. Ana sababu. Gari alilonunua limetumika Japani miaka mingi, vioo vya mafare vimegeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku, na mwanga unaotoka ni wa kibatari. Mvua ikinyesha haoni mstari. Lori la mchanga limesimama mbele bila taa za nyuma, atalionaje? Anapofunga LED anatafuta usalama, wake na wa abiria wake. Tatizo ni kwamba usalama huo kuna mtu mwingine anaulipia.

Baba mdogo wangu alikuwa mtu wa mawese. Alikuwa anapakia bidoni nne za lita 20 kwenye baskeli Rumonge, anapanda nazo kuelekea Minago, na mara nyingi alitoka jioni ili kukwepa jua. Usiku mmoja wa mwaka 2021 alikuwa anasukuma baskeli pembeni mwa lami, upande wa kulia, upande wake halali. Nyuma yake ilikuwa inakuja Probox yenye taa hafifu, haina haraka. Mbele, kutoka Minago, likaja gari lenye LED. Baba mdogo anasema aliona kivuli chake mwenyewe kimetupwa nyuma yake, kirefu, halafu kila kitu kikawa cheupe. Shofa wa Probox naye aliona weupe huohuo. Akafanya kile ambacho kila shofa hufanya akipofushwa: akavuta usukani kulia kidogo, kukimbia zile taa. Kulia ndipo alipokuwa baba mdogo.

Mguu ulivunjika sehemu mbili. Mawese yalimwagika barabarani, na watu waliokuja na tochi walipiga kelele wakidhani yote ile ni damu. Shofa wa Probox alisimama. Alimbeba, alimpeleka hospitali, alilipa sehemu ya matibabu, na yeye ndiye aliyelala polisi. Kwenye karatasi aliandikwa kwamba amegonga mtu, na ni kweli amegonga. Lile gari la LED liliendelea na safari yake. Mwenye gari huenda alifika Rumonge, akala mukeke wa kuchoma, akalala vizuri. Hakugusa mtu. Hana habari mpaka leo kwamba kuna mzee anatembea na fimbo kwa ajili ya ampuli zake, na hakuna karatasi yoyote yenye jina lake.

Baba mdogo aliponisimulia haya kwa simu hakuwa na hasira na shofa wa Probox. Alisema, "Yule na mimi tulipofushwa pamoja."

Nilitaka kuelewa. Niliuliza mafundi, nikafungua taa moja mbovu na vijana wangu tukaiangalia ndani. Ampuli ya kawaida ya Probox nyingi ni ile inayoitwa H4. Ndani yake kuna nyuzi mbili za waya: moja ya fulu, moja ya dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikofia kidogo cha chuma, kama kijiko. Ukikiona utadhani ni urembo, kumbe ndicho chenye kazi kubwa. Nyuma ya ampuli kuna bakuli linalong'aa. Mwanga unaogonga nusu ya juu ya bakuli unarudishwa chini, barabarani. Ule ambao ungegonga nusu ya chini ungetupwa juu, machoni mwa watu. Kile kijiko kinauzuia. Bakuli limepimwa kulingana na ule uzi mwembamba, mahali pake kamili.

LED ya kuchomeka haina uzi. Ina vipande vidogo vya mwanga vimebandikwa pande mbili za kibao, na mara nyingi havikai pale uzi ulipokuwa wala havitoi mwanga kwa umbo lile. Nyingine zimewekewa kijiko cha kuiga, lakini kuiga si kupima. Bakuli linapokea mwanga ambao halikutengenezewa, linaurusha ovyo: mwingine karibu mno na pua ya gari, mwingine juu ya miti, mwingine usoni mwa anayekuja. Shofa anaona mbele yake pamewaka, anafurahi. Kumbe palipowaka ni mita chache za karibu, na jicho likizoea weupe wa karibu linaona vibaya zaidi kule mbali. Nyuma yake LED ina mkia wenye feni ndogo, kifuniko cha vumbi hakifungi tena, na hewa ya ziwa ikiingia kioo kinatoka jasho kwa ndani.

Sasa weka hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linapita karibu mita 17 kila sekunde. Jicho lililopigwa na mwanga mkali halirudi mara moja. Chukua sekunde tatu tu: ni mita 50 ambazo shofa anaendesha huku haoni. Kati ya Rumonge na Minago, nitajie mahali penye mita 50 pasipo na mtu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatulijui, na linaihusu Burundi hasa. Magari mengi tunayonunua yametoka Japani, usukani uko kulia. Japani wanaendesha upande wa kushoto, kama hapa Tanzania. Taa ya dimu ya gari la kushoto haimuliki sawasawa pande zote: inapandisha mwanga kidogo upande wa kushoto, ili shofa aone watu wanaotembea ukingoni, na inaushusha kulia, ili isimuumize anayekuja. Gari hilo likishuka Dar es Salaam na kupita Tanzania, taa zake ziko sahihi kabisa. Likivuka Mugina, Burundi tunaendesha kulia. Pale pale ile taa iliyopandishwa kwa ajili ya watembea kwa miguu inawaelekea wanaokuja mbele, na ukingo wa kulia, walipo watembea kwa miguu na baskeli, unabaki na mwanga wa chini. Taa haina kosa. Imevuka mpaka tu, na ule upande uliokuwa wa kusaidia umekuwa wa kuumiza. Waingereza wanaovuka kwenda Ufaransa na magari yao wana shida hiyohiyo, nao hubandika vibandiko kwenye vioo vya taa kufunika ile sehemu inayopanda. Kwetu gari linaingia na kuishi hapo miaka kumi bila mtu kuligusa. Ukiongeza LED juu ya taa ambayo tayari imeelekea pabaya, umechukua kosa dogo ukalipa nguvu.

Watu wa Rumonge tunapenda taa, na sishangai, maana taa inatulisha. Zamani mitumbwi ilikuwa inawasha karabai za mafuta ya taa, ukikaa ufukweni usiku usio na mwezi unaona ziwa limekuwa kama mji. Ndagala wanafuata mwanga, mukeke wanawafuata ndagala, wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi zinakosa nguvu, na wengi hukaa nyumbani. Siku hizi karabai zimepungua, wavuvi wanatumia LED na betri, na kwa kweli zimewasaidia: hakuna mafuta ya kununua kila jioni, hakuna kioo cha kupasuka kwa wimbi. Nadhani ndiyo maana vijana wetu wanaamini taa ikizidi ukali imezidi uzuri. Ziwani wana haki. Kule unataka kila mwenye macho akuangalie wewe na asahau vingine vyote. Ndivyo dagaa anavyokufa.

Kwenye kikundi chetu kulikuwa na kijana wa miaka 19, mwepesi wa mikono, wenzake wanamuita Fundi. Alikuwa ameshapanga maisha yake.

"Kaka, nikifika Rumonge nauza LED. Nachukua katoni, nafunga mwenyewe. Dakika kumi gari moja."

Nikamuuliza, "Na yule anayekuja mbele?"

"Na yeye afunge zake."

"Na mwenye baskeli afunge wapi?"

Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Akaniambia, "Kaka, mimi nikimkatalia mteja anaenda kwa mwingine, anafungiwa hukohuko. Njaa haijui dimu wala fulu."

Siku ile sikuwa na jibu, maana alisema kweli. Mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka kumi, shamba lina mgogoro, mfukoni ana pesa ya kuanzia tu, huwezi kumwambia aache biashara inayolipa kwa sababu ya mguu wa baba mdogo wa mtu mwingine. Lakini lile neno "afunge zake" lilinikaa. Wote wakifunga, kila mmoja atapofushwa na mwenzake, na watarudi kuona vilevile kama zamani au chini yake. Atakayekuwa amepoteza kabisa ni yule asiye na taa hata moja. Nchi zenye pesa hazikuliachia soko jambo hili. Ujerumani mpaka mwaka 2020 ilikuwa hairuhusu ampuli za LED za kuchomeka kwenye mafare ya halojeni, na walipoanza kuruhusu waliruhusu aina zilizopimwa tu, kwa modeli za magari zilizoorodheshwa moja moja. Wenye viwanda vya magari wenyewe wanakwenda polepole hivyo, na sisi tunafunga kwa dakika kumi.

Kwa hiyo tulibadilisha swali. Badala ya kubishana kama LED ni nzuri au mbaya, niliwauliza vijana: shofa anataka nini? Anataka kuona. Je, tunaweza kumpa hicho bila kumuumiza mtu, na akatulipa? Dereva mmoja tunayemfahamu, mwenye Probox, alikubali tulijaribu gari lake.

Tulianza na vioo. Msasa laini na maji, kwa mzunguko, bila kukandamiza, halafu dawa ya meno na kitambaa. Ile njano ilitoka kama uji. Kisha Fundi akapima umeme. Kwenye betri, injini ikiwaka, mita ilisoma volti 14. Nyuma ya ampuli ilisoma 12 na nusu. Volti moja na nusu ilikuwa imepotea njiani, kwenye waya uliochoka na skrubu ya hasi iliyoota kutu. Utasema ni kidogo, lakini ampuli ya halojeni ina wivu: ukiipunguzia umeme sehemu moja ya kumi, inakunyima karibu theluthi moja ya mwanga wake. Tukasugua kutu, tukakaza, tukabadilisha kipande cha waya. Mwisho tukaenda ukutani. Gari likasimama mahali tambarare, mita 5 kutoka ukuta. Tukapima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, tukachora mstari wa chaki wa urefu huo ukutani, na mwingine sentimita 5 chini yake. Ukiwasha dimu, ukingo wa juu wa mwanga unatakiwa ukae kwenye mstari wa chini, usivuke ule wa juu. Taa moja ilikuwa inamulika karibu dari. Nyuma ya fare kuna skrubu ya kurekebisha, ukiizungusha taratibu mwanga unashuka.

Dereva alizunguka gari lake giza lilipoingia, akasema, "Hii ndiyo taa niliyonunulia gari."

Hatukuweka ampuli mpya. Vifaa vyote vilikuwa msasa, dawa ya meno, kipande cha waya, chaki na bisibisi. Fundi alikaa kimya muda mrefu, na mimi namjua, akikaa kimya anapiga hesabu.

Hapa niseme neno kwa wenzetu wa mashirika. Wengi wenu mnatoka kambini kabla giza halijakolea, lakini wakati wa magharibi ndio wakati wetu wa kutembea: kutoka bombani, kutoka kusali, kutoka kumuona mgonjwa. Usiku inapita ambulansi, na hakuna anayetaka ambulansi isione. Ila magari mengine yamefungwa taa za ziada kwenye bampa, na yakija na fulu kwenye njia ya vumbi, sisi tulio pembeni tunasimama na kufunika uso. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani hana mkono wa kufunikia. Yeye anasimama tu, anasubiri mpite, akiwa hajui kama yuko njiani au nje ya njia. Kushusha dimu ukiona mtu anakuja kwa miguu, kama vile unavyofanya ukiona gari, hakuna gharama. Na dereva wa shirika akiwa na dakika 20 na ukuta, ile kazi ya chaki anaiweza. Vijana wangu watamsaidia, wanaijua.

Fundi ameshaondoka na msafara. Juzi amenitumia ujumbe kutoka Rumonge. Amepata nafasi pembeni ya garaji ya mtu. LED anaziuza, lakini nyingi anawauzia watu wa mitumbwi. Kwenye magari anaanza na msasa na waya, na ameandika bei yake kwenye kibao. Anayeng'ang'ania LED anamfungia, hakunificha hilo, ila hamuachi aondoke kabla hajamsimamisha mbele ya ukuta na kuushusha mwanga mpaka kwenye mstari. Wengine wanakasirika kwamba anawachelewesha. Anasema wateja wa LED bado ni wengi kuliko wa msasa, na mwezi uliopita kodi ililipwa na LED.

Mistari yake miwili ya chaki iko kwenye ukuta wa garaji. Mvua ikiifuta, anaichora tena.